Uzi: Jinsi mkoa wa Karelia Kaskazini ulivyopunguza vifo vya moyo kwa kubadilisha mazingira ya watu wote

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu mijadala yetu kuhusu presha, kisukari na kiharusi huishia karibu kila mara mahali pamoja: mgonjwa analaumiwa kwa kutojali, kila mmoja anaambiwa ajitunze, kisha tunahamia mada nyingine. Sipingi ushauri wa afya, na wapo waliopona kwa kuufuata. Hata hivyo, pale ambapo magonjwa haya yamewahi kupungua kwa kiwango kikubwa katika umma mzima, sehemu kubwa ya kazi ilifanyika nje ya chumba cha daktari, katika vitu vinavyomzunguka mtu kila siku, yaani mafuta yanayouzwa dukani, chakula kinachoandaliwa kwenye hafla, bei, sheria, na yale ambayo majirani wanayaona kuwa ya kawaida. Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa mkoa wa Karelia Kaskazini, mashariki mwa Ufini, mpakani na Urusi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ufini iliongoza duniani kwa vifo vya wanaume vilivyotokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na ndani ya Ufini kwenyewe Karelia Kaskazini ndiyo iliyokuwa na hali mbaya kuliko mikoa mingine. Waliokuwa wakianguka ghafla hawakuwa wazee tu, wala watu wa kukaa ofisini. Wengi walikuwa wakulima wadogo na wakata miti, watu wa kazi za nguvu, wakiwa bado katika umri wa kulea watoto. Nawaomba wale wanaoamini kwamba mtu wa jembe hawezi kuugua moyo walitazame jambo hili kwa makini.

Chakula chao kilitokana na kile ambacho mkoa ulizalisha. Ng'ombe wa maziwa walikuwapo karibu kila shamba, kwa hiyo mkate ulipakwa siagi nzito, maziwa yalinywewa bila kuenguliwa mafuta, nyama ya nguruwe ililiwa pamoja na mafuta yake, na chumvi ilitumika kwa wingi kwa kuwa tangu zamani ndiyo iliyohifadhi nyama na samaki. Mboga za majani zilionekana kuwa chakula cha mifugo. Watu wapatao 9 kati ya 10 walitumia siagi kwenye mkate, na nusu ya wanaume wa makamo walivuta sigara. Wastani wa lehemu (kolesteroli) katika damu ya wanaume ulikaribia milimoli 7 kwa lita, kiwango ambacho leo kingemfanya daktari azungumze nawe kuhusu dawa.

Januari 1971 mkuu wa mkoa, Esa Timonen, pamoja na viongozi wengine wa eneo hilo, walitia saini ombi kwa serikali wakitaka msaada, maana wajane walikuwa wengi kupita kiasi na kila ukoo ulikuwa umeguswa. Mwaka uliofuata mradi ulianza, na uongozi wake ukakabidhiwa daktari kijana wa miaka 27, Pekka Puska. Mkoa ulikuwa na watu wapatao 180,000. Mkoa jirani wa Kuopio ulichaguliwa kuwa wa kulinganishia.

Puska na wenzake walitumia redio, magazeti na vipeperushi, lakini hawakuishia hapo. Walikiendea chama cha akina mama wa nyumbani kiitwacho Martha, ambacho kilikuwa na matawi hadi vijijini na kiliheshimiwa kuliko mtaalamu yeyote kutoka mjini. Kwa pamoja wakaandaa mikusanyiko ya jioni iliyoitwa karamu za maisha marefu. Wanawake wa kijiji walipika chakula kilekile cha kwao, kwa mfano kitoweo cha nyama kinachoiva polepole kwenye tanuri, ila nyama na mafuta vilipunguzwa, na viazi, karoti na mizizi mingine vikaongezwa hadi sahani ikajaa kama kawaida. Kijiji kiliitwa kula, mtu wa mradi akazungumza kwa muda mfupi, na waliobaki na maswali waliwauliza wapishi wenyewe, ambao walikuwa shangazi na jirani zao. Naona hapo ndipo penye ufundi wa mradi huu, kwa sababu mwanamume aliyekuwa akiapa kwamba chakula bila mafuta hakiliki alikuwa amekwishakula na kushiba kabla ya kuanza kubisha.

Walikwenda pia viwandani. Watengenezaji wa soseji waliombwa kupunguza mafuta na chumvi, viwanda vya maziwa vikaombwa kuuza maziwa yenye mafuta kidogo, na waoka mikate kupunguza chumvi. Mamia ya watu wanaosikilizwa vijijini, wakiwamo wenye maduka na viongozi wa vyama, walipewa mafunzo ili wawe mfano. Wauguzi wa afya ya jamii waliwekewa utaratibu wa kuwasajili wenye presha na kuwafuatilia. Mwaka 1976 Bunge la Ufini lilipitisha sheria ya tumbaku iliyopiga marufuku matangazo ya sigara, na kuanzia 1978 televisheni ya taifa ilirusha vipindi ambamo kikundi cha watu wa kawaida kilijaribu kuacha sigara na kubadilisha ulaji mbele ya nchi nzima.

Matokeo yake ni haya. Mwanzoni, kati ya kila wanaume 100,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64 mkoani humo, takribani 670 walikufa kila mwaka kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kufikia 2006 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu 100. Hao ni watu walewale, wa damu ileile, katika mkoa wenye baridi ileile.

Karibuni tujadili, hasa wenye uzoefu wa kazi za afya katika maeneo yetu.

Muuguzi mstaafu, Tanga

Mwanangu, nakushukuru kwa uzi huu. Nilifanya kazi ya uuguzi kwanza zahanati na baadaye kituo cha afya, na jambo lililonichosha kuliko yote ni ushauri wa chumvi. Mgonjwa wa presha anaambiwa apunguze, anaitikia vizuri, anarudi mwezi unaofuata na presha iko palepale. Nilikuwa nikidhani hawatusikilizi, mpaka nilipoanza kuwatembelea majumbani.

Nakumbuka nyumba ya mama mmoja mtu mzima ambaye alikuwa hapiki tena, mpishi akiwa mkwewe. Maharage yalikuwa kwenye sufuria moja kwa ajili ya watu wanane, na chumvi iliingizwa kwa mkono, bila kijiko, kisha mpishi akaonja na kuongeza, na mwishoni kidonge cha kuungia mchuzi kikavunjwa juu yake. Yule mama alikuwa ameomba atolewe sehemu yake kabla ya chumvi, akafanyiwa hivyo siku chache, kisha mwenyewe akaacha. Alisema anajisikia kama amepewa chakula cha karantini ndani ya nyumba yake. Mimi nikamwelewa. Kwetu kula chungu kimoja ni undugu, na mgonjwa anayetengewa sahani hujiona ametengwa yeye.

Swali langu ni hili: hao wenzetu walifanya nini kuhusu sufuria ya familia? Maana naona wewe umetaja viwanda zaidi.

Mleta uzi

Shikamoo mama, na asante kwa mchango huu, kwa sababu umegusa kiini cha mada.

Mradi ule uliiendea sufuria nzima na haukumshughulikia mgonjwa peke yake, na sababu yake ilikuja kuelezwa vizuri na mtaalamu wa Uingereza, Geoffrey Rose, mwaka 1985. Watu wenye presha ya juu sana wako katika hatari kubwa, ila ni wachache. Wenye presha iliyopanda kidogo wana hatari ndogo kwa kila mmoja, lakini ni wengi mno, na kwa sababu ya wingi wao viharusi vingi hutoka kwao. Hao hawaji kliniki, hawajui kama wana tatizo, na hakuna anayewaandikia ushauri. Njia ya kuwafikia ni kupunguza chumvi ya wote, kidogo tu, katika chakula ambacho wote wanakula. Yule mkwe na watoto wake nao wanahitaji chumvi kidogo, ingawa hawajaugua bado. Kama maharage ya nyumba nzima yangepunguzwa chumvi polepole, yule mama asingetengewa chochote, na ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa.

Hata hivyo kuna tofauti ya kweli kati yetu na wao, nami sitaki kuificha. Katika Ufini ya leo chumvi nyingi huliwa ikiwa tayari imo ndani ya mkate, soseji na jibini. Kwa hiyo serikali yao ilipoamuru, mwaka 1993, kwamba chakula chenye chumvi nyingi kiandikwe hivyo kwenye pakiti, viwanda vilipunguza chumvi ili kukwepa aibu hiyo. Ulaji wa chumvi nchini humo ulikuwa takribani gramu 14 kwa siku katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa karne hii ulikuwa umeshuka chini ya gramu 10, ingawa bado unazidi gramu 5 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Kwetu sehemu kubwa ya chumvi inaingizwa na mkono wa mpishi, kama ulivyoshuhudia mwenyewe. Sheria ya lebo haiufikii mkono huo.

Kwa hali kama yetu nadhani mfano wa karibu zaidi uko vijijini China. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2021 ulihusisha vijiji 600 na watu karibu 21,000 ambao wengi walikuwa wamewahi kupata kiharusi au walikuwa wazee wenye presha. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu, ikatumika jikoni kama chumvi ya siku zote. Katika muda wa karibu miaka 5, viharusi vilipungua kwa asilimia 14 vikilinganishwa na vijiji vilivyoendelea na chumvi ya kawaida. Wapishi waliendelea kupika kwa mkono uleule. Tahadhari moja ni ya lazima: chumvi hiyo haimfai mtu mwenye ugonjwa wa figo, wala anayetumia baadhi ya dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, kwa hiyo mwenye hali hiyo amuulize mtoa huduma wake kwanza.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, nimesoma kwa makini, nami naomba kuleta pingamizi la haki. Takwimu za Ufini zinaonyesha kwamba vifo vilishuka sana nchi nzima, ukiwamo mkoa wa Kuopio uliotajwa kuwa wa kulinganishia. Kama mkoa ambao haukuwa na mradi nao ulishuka, tutajuaje kwamba mradi ndio uliofanya kazi? Huenda watu walitajirika, hospitali zikaboreshwa, dawa mpya zikaja, na mradi ukajitwalia sifa.

Mleta uzi

Pingamizi hili ni zito na limewahi kutolewa na wanasayansi wenyewe. Nitalijibu kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu.

Ni kweli kwamba Kuopio ilishuka. Katika miaka ya mwanzo Karelia Kaskazini ilishuka kwa kasi zaidi, kisha tofauti ikapungua. Lakini baada ya miaka 5 ya kwanza, mradi haukubaki mkoani. Mbinu zake zilipelekwa nchi nzima, sheria ya tumbaku ilikuwa ya taifa, vipindi vya televisheni vilionekana Kuopio kama kwingineko, na kiwanda kilichopunguza mafuta kwenye soseji hakikuzituma kwa mkoa mmoja tu. Kwa hiyo mkoa wa kulinganishia uliacha kuwa wa kulinganishia. Kwa mtafiti hilo ni hasara, ila kwa wananchi wa Kuopio ilikuwa heri.

Kuhusu dawa na hospitali, wachambuzi wamelinganisha mabadiliko ya lehemu, presha na uvutaji sigara na mabadiliko ya vifo, na kwa miongo miwili ya kwanza mambo hayo matatu yanaeleza sehemu kubwa ya upungufu wa vifo. Baadaye tiba nayo ilichangia kwa kiasi kinachoonekana. Kwa hiyo naafikiana nawe kwamba si halali kusema mradi wa mkoa mmoja ulifanya yote. Ninachoweza kutetea ni kwamba ulaji na uvutaji wa taifa zima ulibadilika, na kwamba mabadiliko hayo yaliokoa watu wengi zaidi ya tiba, hasa katika miaka ya mwanzo. Nani apewe sifa ni suala dogo kuliko hilo.

Kuhusu utajiri, ni vyema kukumbuka kwamba katika nchi nyingi utajiri umekuja na ongezeko la magonjwa haya. Sisi wenyewe tunaliona hilo mijini kwetu. Utajiri hauamui wenyewe utaishia kwenye sahani kwa namna gani.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, mimi nina duka la rejareja na ningependa kuzungumzia mafuta. Wateja wangu walio wengi hawanunui chupa. Huja na kikopo au mfuko na kuomba mafuta ya kupima, ya shilingi wanazoweza siku hiyo. Ninayoyapima ni yale ya mawese kwa sababu ndiyo yenye bei wanayoimudu. Mteja hachagui aina ya mafuta, huchagua kiasi cha pesa. Ukimwambia atumie mafuta ya alizeti atakuuliza tofauti ya bei ataitoa wapi, na sitakuwa na jibu. Je, kuna nchi iliyolitatua jambo hili bila kumwongezea maskini gharama?

Mleta uzi

Ipo, nayo iko katika bahari yetu hii ya Hindi. Nchini Morisi serikali ilikuwa ikisimamia mafuta ya kupikia ya bei nafuu ambayo watu wengi waliyatumia, na kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mawese. Mwaka 1987, ilipoanzisha mpango wake wa kuzuia magonjwa yasiyoambukiza, ilibadilisha mchanganyiko wa mafuta hayo ili sehemu kubwa iwe ya soya, na yakabaki kuwa mafuta ya bei nafuu. Mteja aliendelea kuja na chombo chake. Kufikia 1992 wastani wa lehemu katika damu za watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita, na hata uvutaji sigara ulipungua. Lakini unene uliongezeka, na kisukari hakikushuka. Mafuta yalibadilika aina, ila hilo peke yake halikutosha kuzuia unene na kisukari. Napenda mfano huu kwa sababu unaonyesha nguvu ya hatua moja na pia mpaka wake.

Umetaja alizeti, nami naona swali la mkulima lisiachwe nyuma. Karelia Kaskazini iliishi kwa maziwa, na kuwaambia watu waache siagi ilikuwa kumwambia mfugaji aache riziki yake. Wenye viwanda vya siagi walipinga waziwazi, wakajibu kwa matangazo. Utatuzi haukuwa wa maneno: kuanzia miaka ya 1980 wafugaji walisaidiwa kugeukia kilimo cha matunda madogo ya msituni yanayostahimili baridi, na Ufini ikaendeleza zao la rapa linaloota kwenye hali ya hewa yao, hivyo mafuta ya kupikia yakawa ya nyumbani. Hapa Tanzania wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma wanashindana kila msimu na mafuta ya mawese yanayoagizwa kutoka nje. Sera ya bei ya mafuta hujadiliwa bungeni kama suala la kilimo na kodi, wakati kwa maoni yangu ni suala la kiharusi na moyo pia, na wizara ya afya inastahili kuwa na kiti katika meza hiyo.

Mchangiaji, Mwanza

Nimefuatilia bila kuandika, ila naomba tuteremke kwenye kata. Sisi tuna vikoba vya akina mama ambavyo hukutana kila wiki na kupika pamoja kwenye sherehe na misiba. Naona hao ndio Martha wetu. Wakiamua kwamba pilau la harusi litapikwa kwa mafuta kidogo na kachumbari iwe nyingi, hakuna atakayeandika barua ya malalamiko. Lakini tutajuaje kama imesaidia?

Mleta uzi

Nakubaliana nawe kuhusu vikoba, na ningeongeza mama lishe, kwa sababu mpishi mmoja wa stendi anagusa chakula cha mchana cha watu wengi kuliko kliniki nzima. Ila mfano wa Ufini unatufundisha kwamba wao wenyewe wawe wapangaji na wachaguzi wa ladha, wasigeuzwe kuwa wasambazaji wa vipeperushi vya mtu mwingine.

Kuhusu kujua kama imesaidia, Karelia Kaskazini ilipima kabla ya kuanza. Mwaka 1972 walichukua watu kwa bahati nasibu kutoka orodha ya wakazi, wazima na wagonjwa, wakapima presha, uzito na lehemu na kuwauliza wanachokula na kuvuta. Walirudia kila baada ya miaka 5 kwa sampuli mpya. Utaratibu huo uliwaonyesha mafanikio, na pia uliwaonyesha mwaka 2012 kwamba lehemu ilikuwa imeanza kupanda tena, wakati ambapo mitindo ya kula mafuta mengi na wanga kidogo ilikuwa imeenea na siagi ilikuwa ikirudi mezani. Bila vipimo hivyo wangeendelea kusherehekea ushindi wa zamani.

Vipimo vya maabara ni ghali, lakini mashine ya presha, mizani na futi ya kupimia kiuno vinaweza kupatikana katika ngazi ya kata. Ugumu uko katika kumpata mtu ambaye haumwi akubali kupimwa, maana rejesta zetu nyingi zinaanza pale mtu anapokuwa mgonjwa.

Mama muuguzi, kwa uzoefu wako wa Tanga, je, ilikuwa kawaida kila mtu mzima anayefika zahanati kwa sababu yoyote, hata aliyemleta mtoto kliniki, apimwe presha na kuandikwa, au walipimwa wanaojulikana kuwa na presha peke yao? Naomba na wauguzi wa mikoa mingine mtujibu, kwa kuwa jibu hilo ndilo litakalotuambia kama kata inaweza kuanza na rejesta iliyopo au inahitaji kupita nyumba kwa nyumba.